Uzoefu wangu: kwa nini ofisi yetu ya forodha imebaki na Paperless-ngx

Naandika kwa ajili ya mwenye ofisi ndogo anayetafuta mfumo wa kutunza nyaraka kwenye kompyuta, kama hii Paperless-ngx. Mimi nilianza vibaya, na kosa lile lilitupotezea karibu mwaka mzima.

Sisi ni wakala wa kugomboa mizigo, Kurasini, watu saba ofisini. Mzigo mmoja unakuja na B/L (hati ya meli ya kusafirisha mzigo), ankara ya muuzaji, orodha ya vilivyomo, TANSAD (fomu ya tamko la forodha), risiti za malipo, barua ya mteja na nakala ya kitambulisho chake. Kontena likishatoka getini, karatasi bado zina kazi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki na sheria yetu ya usimamizi wa kodi zote zinatutaka tutunze kumbukumbu kwa miaka 5. Ukiulizwa kuhusu kontena la miaka mitatu nyuma, karatasi lazima ionekane. Kwetu ilionekana baada ya kushusha maboksi faili juu ya kabati, watu wawili wakapoteza asubuhi nzima.

Risiti za EFD, zile za mashine ya kielektroniki ya kodi, ndizo zilizonikosesha usingizi. Karatasi ile haina wino, maandishi yake hutokana na joto, na joto hilohilo ndilo linaloyaharibu. Iache kwenye boksi karibu na dirisha, hapa Dar, na miezi kadhaa baadaye unachomoa kipande cheupe chenye tundu la pini. Mhasibu anayo mkononi, lakini hawezi kusoma hata tarehe.

Mfumo wa kwanza tuliununua kwa kuangalia onyesho. Muuzaji alikuja na kompyuta yake na nyaraka zake, safi, zilizochapwa vizuri. Kila alichotafuta kilitokea. Tukalipia kwa dola, kila mtumiaji kwa mwezi, na ulifunguka kwa intaneti tu. Tulipoingiza karatasi zetu sisi, zenye mihuri mitatu juu ya maandishi, utafutaji haukupata kitu mpaka mtu akae aandike maelezo ya kila faili kwa mkono. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ikawa shida nchi nzima. Jumatatu wateja wako mlangoni, nyaraka zao tunazo sisi, na hatuwezi kufungua hata moja. Tulipoamua kuhama tukarudishiwa faili zetu zikiwa na majina ya tarakimu tupu, bila lebo, bila jina la mteja. Kazi yote ya kupanga ikabaki hukohuko.

Mara ya pili sikutaka onyesho la mtu. Nilichambua karatasi ishirini zilizo mbaya kuliko zote ofisini: risiti zilizoanza kufifia, B/L iliyopigwa picha kwa simu, barua ya Kiswahili yenye muhuri katikati. Kila programu niliyoijaribu ilianza na hizo ishirini. Nikauliza na swali moja zaidi kabla ya bei: siku nikitaka kuondoka, natoka na nini?

Paperless-ngx ni programu huria, haina ada. Kijana wetu wa kompyuta aliiweka kwa Docker (njia ya kuendesha programu ikiwa imefungashwa na vyote inavyohitaji) kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa imekaa bure, tukaiunganishia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na sasa inafunguka kwenye mtandao wa ndani wa ofisi hata intaneti ikikatika. Skana inaangusha faili kwenye folda moja. Programu inalichukua, inasoma maandishi, inatunza faili la awali pamoja na nakala ya PDF inayotafutika. Kuna jambo usilipite: usomaji wa Kiswahili hauji tayari. Inabidi uongeze lugha ya swa kwenye mipangilio, kisha uandike eng+swa ili isome zote mbili. Kabla ya hapo barua zetu zilisomwa kama Kiingereza kilichovurugika. Baada ya hapo, karatasi kumi na sita kati ya ishirini zilipatikana kwa kutafuta neno lililomo ndani.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na hiyo ndiyo tunayotafutia zaidi. Karatasi ikiwa chafu, sifuri inaweza kusomwa kama O. Kwa hiyo dada anayeskani analinganisha namba hiyo moja kabla ya kuendelea. Mengine yote anaiachia programu, ambayo baada ya wiki chache ilianza kubashiri yenyewe mteja na aina ya hati kutokana na tulivyokuwa tukizipanga.

Ninachokipenda kuliko vyote ni namba ya mfululizo. Kila karatasi inaandikwa namba kwenye kona, inaingia boksi kwa kufuata namba, basi. Hatupangi tena kwa mteja wala kwa mwezi. Wakaguzi wakitaka karatasi yenyewe, skrini inakuambia namba, nawe unaenda moja kwa moja kwenye boksi.

Ina mipaka, na ni vizuri uijue mapema. Mwandiko wa mkono haiuwezi. Si mahali pa watu watatu kuandika mkataba mmoja kwa pamoja. Pia haifungi nyaraka kwa siri: faili zinakaa wazi kwenye diski, na sisi tunashika nakala za pasipoti na vitambulisho vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inatuhusu moja kwa moja. Ndiyo maana tuliisimba diski nzima, isisomeke bila nenosiri, na vitambulisho vinaonekana kwa watu wawili tu. Kama huna mtu wa kukusaidia kuisimamia, kusasisha na kuangalia bakapu, usiichukue. Tafuta ya kulipia, lakini ijaribu kwa karatasi zako mbaya.

Bakapu tunatoa kila jioni kwenye eksteno (diski ya nje) kwa amri yake ya kuhamisha, inayotoa faili pamoja na lebo na majina yake. Niliijaribu kwa kuirudisha kwenye kompyuta nyingine tupu, nikakaa nayo mpaka nikafungua ankara ya mteja wetu wa kwanza nikaisoma. Siku hiyo ndipo nilipoacha kulipia mfumo wa zamani.

Maboksi ya 2021 bado tunayaingiza, karatasi thelathini kwa siku, tukianza na risiti za EFD kabla hazijafutika zote.