Divai tamu ya sikukuu ya nyumbani Lubumbashi: ununue ipi kwanza?

Kambo, mzee wetu, alitimiza miaka 80, watu arobaini tukajaa uani, umeme ukakatika kabla keki haijaguswa. Ndiyo maana nazipanga hizi divai kwa jinsi zinavyostahimili fete ya nyumbani. Sifa zake za Ulaya tuziache hukohuko.

1. Porto ya tawny, iliyoandikwa miaka 10. Inatoka bonde la Douro, Ureno. Zabibu zikiwa bado zinachacha humwagiwa pombe kali ya zabibu. Hamira hufa, sukari hubaki. Kisha divai hukaa kwenye mapipa mpaka wekundu unafifia na kuwa rangi ya chai isiyo na maziwa. Hiyo 10 si umri wa kila tone, maana huchanganywa mapipa machanga na makongwe. Kilevi chake ni kama asilimia 20, kwa hiyo toa glasi ndogo: chupa ya sentilita 75 hugawa glasi 15 za sentilita 5. Kambo alionja, akanyamaza kidogo, akasema "karanga", akaisukuma glasi mbele iongezwe. Kweli inanukia karanga za kukaanga na sukari iliyoungua. Joto la uani haliisumbui sana, na ikibaki nusu, ifunge tu. Wiki mbili baadaye bado inanyweka. Dukani tazama shingo ya chupa: Porto halisi ina kikaratasi cha muhuri.

2. Muscat ya kusini mwa Ufaransa, Rivesaltes au Beaumes-de-Venise. Hii usiitafutie uzee, inunue changa. Kilevi ni kama asilimia 15, harufu ni ya zabibu mbichi na maua ya mchungwa, na kwa embe la Desemba sijaona mwenzake. Mashangazi ndiyo waliyoikimbilia. Ila iwe baridi sana, la sivyo inachosha ulimi. Ikiwa imegeuka kahawia rafuni, iache. Mimi nilinunua moja iliyoanikwa dirishani juani; nyumbani ikanuka tufaha bovu, na muuzaji akaniambia chupa iliyofunguliwa hairudi.

3. Sauternes, divai ya Bordeaux, Ufaransa, chupa ndogo ya sentilita 37.5. Ukungu uitwao Botrytis cinerea hukausha zabibu zikiwa bado kwenye mzabibu, utamu ukajikusanya ndani. Ni tamu yenye uchachu wa kuisafisha, na bei inauma. Keki yetu ya krimu nzito huiua, kwani divai inapaswa kuizidi keki kwa utamu. Mpe mzee peke yake, na kipande cha jibini. Mfuko ukibana, tafuta Monbazillac, nayo ya Ufaransa: ukungu ni uleule, bei ni nafuu.

4. Porto ya vintage, yaani ya mavuno ya mwaka mmoja. Huwekwa chupani mapema, ikazeekea humo na kujaza mashapo. Inatakiwa isimamishwe tangu jana yake, imiminwe polepole karibu na taa ili mashapo yaonekane, na iishe ndani ya siku moja au mbili. Mashemeji wakishaanza kucheza, nani atakaa kuichunga?