Miezi mitatu na softflowd na nfdump: kujua kompyuta ipi inaitegemea ipi

Nafanya kazi ya IT kwenye taasisi moja hapa Moshi, kompyuta zaidi ya 600, majengo tisa. Jumamosi moja tulizima mashine kuukuu iliyokuwa stoo ya jengo la utawala. Vumbi tupu, haina kioo wala kibodi, na kila tuliyemuuliza alisema haijui. Jumapili kimya. Jumatatu kimya, bosi akanisifu kwa kuipunguzia UPS (betri ya akiba) mzigo. Jumatano asubuhi dada wa dirisha la malipo akapiga simu: "Kaka, mashine yangu imekata mtandao." Nikakuta ina anwani ya mtandao (IP) inayoanza na 169.254, yaani iliomba anwani, ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Alhamisi zikawa nne. Ijumaa hata chai sikunywa.

Kumbe ile kuukuu ndiyo iliyokuwa ikigawa anwani za IP kwa jengo zima. Ilikuwa na Windows Server, ambayo usipoibadilisha hukodisha anwani kwa siku 8, na kila mashine huomba kuongezewa muda ikifika nusu, siku ya 4. Kwa hiyo hazikuanguka pamoja. Kila moja ilianguka kodi yake ilipokwisha, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka Jumamosi.

Baada ya hapo niliacha kuuliza watu, nikaamua kuziuliza waya. Nilichukua kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4, nikaweka mfumo endeshi wa Debian, halafu softflowd na nfdump, programu za kurekodi na kusoma mawasiliano ya mtandao. Vyote ni vya bure. Kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta kwa waya, nikatenga tundu moja la kupokea nakala ya kila kinachopita. softflowd inakigeuza kuwa rekodi za NetFlow: nani kaongea na nani, poti gani (namba ya huduma inayotumika), saa ngapi, baiti ngapi. Yaliyosemwa hayahifadhiwi, na hilo lilinisaidia kumtuliza mkuu wa utawala aliyedhani nitasoma barua pepe zake.

Wiki ya kwanza tu niliona mambo. Programu ya stoo ya vifaa ilikuwa ikisoma faili kupitia poti 445 kutoka kompyuta ya katibu muhtasi! Folda iliwekwa pale miaka hiyo "kwa muda". Kila jioni mama wa watu akizima mashine yake na kwenda zake Kiborloni, zamu ya usiku inaanza kulalamika kwamba mfumo ni mbovu. Tulihamisha folda kwenye seva, malalamiko yakaisha.

Sasa upungufu, maana upo. Hakuna picha wala michoro, ni amri na safu za namba. Mimi nilimwaga matokeo kwenye Excel nikaanza kuhesabu. Pia rekodi inakuonyesha walioongea, haikwambii nani atakwama mwenzake akizimwa. Seva ya chelezo (backup) na ile ya antivirusi huongea na kila mtu, ukizichora zote unapata utando wa buibui. Nilizitoa kwanza. Uhasibu nao huigusa seva ya mishahara mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo ukitazama siku tatu ukasema umemaliza, umejidanganya.

Na kuna hili, lililonikosesha usingizi kidogo. Mwanzoni niliinakili swichi kuu, inayounganisha majengo. Lakini mashine mbili za jengo moja huongea kupitia swichi ya jengo lao, hazifiki kwenye swichi kuu kabisa. Maana yake, ningekuwa na nfdump kabla ya ile Jumamosi, bado nisingeiona ile kuukuu ikigawa anwani. Ilibidi nizunguke jengo kwa jengo, siku kumi kila moja, ili hata mashine inayoomba anwani mara moja kwa siku nne inaswe. Ndiyo maana imechukua miezi mitatu.

Programu hizi nazipa nyota nne kati ya tano. Ukihitaji mchoro mzuri wa kumpelekea bosi, tafuta kitu kingine.

Angalizo kwa atakayejaribu: nfcapd, inayopokea rekodi, hufungua faili mpya kila dakika 5, faili 288 kwa siku. Weka kikomo cha diski siku ileile unayosakinisha. Mimi nilikumbuka diski ilipojaa, Jumapili ya Pasaka, niko Rombo kwa bibi na simu ina mstari mmoja wa mtandao.