Fundi aliyeezeka upya nyumba ya mama mtaani Ndosho: uzoefu wangu

Hapa Goma bati haliishi miaka linayoishi kwingine. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi wenye gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua inageuka asidi inayokula ganda la zinki la bati mpaka chuma kibaki wazi. Watu wa Rusayo na Sake ndio wanaoumia zaidi, maana mara nyingi upepo unausukuma moshi upande wa magharibi, ila hata sisi wa Ndosho tunaonja. Isitoshe, familia nyingi hapa zinategemea maji ya mvua yanayotoka kwenye paa hadi kwenye tangi. Paa likioza, kutu inafika mpaka kwenye sufuria. Ndiyo sababu nimeona niandike kwa urefu kuhusu fundi tuliyempata, kwa faida ya yeyote anayejiandaa kubadilisha mabati.

Nyumba ni ya mama yangu: mawe ya volkano mpaka usawa wa madirisha, juu mbao, kama nyumba nyingi za mitaa yetu. Fundi wa zamani, ambaye simtaji, alimlipisha mama bei ya mabati mazito akamwekea mepesi, na hakumwachia hata karatasi moja ya duka. Misimu michache ya mvua ilitosha. Chumba cha watoto kilianza kuvuja, kisha sebule, na mbao za dari zikawa nyeusi.

Safari hii tulianzia kwa wauza mbao. Wao wanawajua mafundi vizuri, kwa sababu wanaona nani anachagua ubao mmoja mmoja na nani anabeba chochote alichopewa. Kila fundi tuliyetajiwa tulimwomba atuonyeshe nyumba aliyoiezeka zamani, iliyokwisha kupita kwenye mvua kadhaa. Picha za simu hatukuzitaka, maana paa jipya lote linang'aa. Tulibisha hodi kwa wenye nyumba na kuwauliza mambo mawili tu: linavuja? Na mlipomwita tena, alikuja?

Baadhi ya mafundi walitoa bei wakiwa bado wamesimama mlangoni. Mmoja alitazama juu kidogo, akasema mabati 80, akataka avansi siku ileile. Tuliyemchukua alisalimia, akaomba ngazi, akapanda. Alitoboatoboa kenchi kwa bisibisi kutafuta mahali palipooza, akapima kwa kamba, kisha akashuka na kumuuliza mama maswali: upepo wa mvua unatokea upande gani, tangi litakaa wapi, jiko la makaa linawaka wapi. Halafu akachukua kipande cha kaa akapiga hesabu kwenye ubao, mama akiwa ameketi pembeni yake anafuata. Urefu wa paa pamoja na upenu ni mita 11. Bati likishalaliana na mwenzake linafunika kama sentimita 75, kwa hiyo ni mabati 15 kwa mstari. Kila upande unahitaji mistari 2 ya bati la mita 3, na paa lina pande 2. Jumla 60. Mama alisema, "Kwa hiyo yule mwengine alitaka kujenga nyumba yake na yangu pamoja." Hapo ndipo nilipomwamini huyu fundi. Hesabu aliyoipiga mbele ya mwenye nyumba, hata mama ambaye hakusoma sana angeweza kuirudia mwenyewe.

Hela ya vifaa alikataa kuishika. Alisema twende dukani pamoja, sisi tulipe na faktura iandikwe jina la mama. Kwenye maduka ya Birere alitoa mfukoni kipimo kidogo cha chuma na kupima unene wa bati kwenye ukingo, muuzaji akiona. Wanaonunua kwa mara ya kwanza wajue hili: namba ya BG, yaani kipimo cha unene wa bati, ikiwa kubwa, bati ni jembamba. BG 28 ni kama milimita 0.4, BG 32 ni kama 0.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na chapa iliyopigwa kwenye bati haitoshi, ndiyo maana kile kipimo kina thamani. Tulichagua aluzinki, bati lenye ganda la mchanganyiko wa takriban asilimia 55 aluminiamu na sehemu kubwa ya iliyobaki zinki. Fundi hakutudanganya kwamba litadumu milele chini ya moshi wa volkano. Alisema litachelewa kuliwa kuliko zinki tupu, na kwamba majivu yakidondoka tuyaoshe, tusiyaache yalale juu.

Makubaliano yaliandikwa ukurasa mmoja, nakala mbili, jirani akatia sahihi kama shahidi. Ndani yake kuna aina na unene wa bati, idadi ya misumari kwa kilo, mabati ya zamani yanabaki ya nani, na nani anamtibu msaidizi akianguka. Hili la mwisho wengi wanalisahau, na ndilo linaloleta ugomvi mkubwa kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi. Malipo ya kazi yaligawanywa mara tatu: siku ya kuanza, paa likishafunikwa, na salio baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi mwingine alipolisikia sharti hilo la mvua aliondoka. Huyu aliitikia tu, akasema tuanze Agosti ili mvua ya Septemba ije kukagua.

Mbao zilifika kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mabati kwa pikapu. Kabla ya kushusha chochote alipanga magogo chini, mabati yakalazwa juu yake kwa mwinamo, yakafunikwa shitingi. Yakipandana yakiwa na maji katikati, zinki inatoa unga mweupe, na bati linaanza kuzeeka kabla halijapanda juu.

Kazi yenyewe niliitazama kwa karibu. Papi, yaani mbao za kupigilia mabati, zilipigwa kila baada ya sentimita 90. Misumari yote ilipita kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji yanapita, na kila mmoja ulikuwa na mpira wake chini ya kichwa. Walianza kupanga kutoka upande ambao upepo hautokei, ili pale mabati yanapolaliana pasiukabili upepo. Kijana mmoja alileta mashine ya kukatia chuma, fundi akamrudisha akachukue mkasi wa bati, kwa sababu cheche za mashine zinaunguza ganda na kutu inaanzia hapohapo. Kenchi alizifunga kwenye ukuta kwa waya mnene, kila moja. Aliyekuwa Goma Mei 2021, volkano ilipolipuka na ardhi ikawa inatetemeka siku nyingi baadaye, anajua kwa nini paa halitakiwi kukaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu.

Mama alitamani mabati ya zamani yatumike jikoni. Fundi alichukua moja, akaliinua kwenye jua. Mwanga ulipita kama kwenye chujio. "Mama," akamwambia kwa upole, "hii tukiirudisha juu, mvua itafika jikoni kabla yako." Angeweza kuyapiga misumari na kulipwa. Mabati machache tu yaliyokuwa bado mazima tuliyaweka kwenye banda la kuku.

Siku ya kumaliza alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Saa sita mchana alifunga milango na madirisha yote, akatuita ndani kabla mbao za dari hazijarudishwa, tukasimama gizani tukitazama juu. Palipoonekana nukta ya mwanga, msaidizi alipanda na kuziba. Zilikuwa mbili, zote karibu na kofia ya paa. Kisha vifaa vilivyobaki vikahesabiwa mbele yetu: mabati, misumari, hata vipande vya papi. Vyote vikabaki kwa mama.

Kuna mambo ambayo hayakunifurahisha. Wasaidizi waliacha misumari na vipande vya bati kwenye ua wenye watoto wanaotembea bila viatu, na tulilazimika kuyasema kwa ukali mpaka wakaanza kufagia kila jioni. Bei yake ya kazi pia ilikuwa juu kuliko ya wengine wote. Aliyebanwa sana na hela atasita, na ninamwelewa. Na mfereji wa maji hakuupatia. Mvua ya kwanza ilipopiga, hakuna tone lililoingia ndani, lakini maji ya upande wa tangi yalifurika katikati ya mfereji badala ya kwenda mwisho. Mwinamo ulikuwa mdogo mno. Tulimpigia simu, akaja kesho yake asubuhi, akashusha vishikizo vya upande wa tangi na kumwaga ndoo za maji mpaka mama aliporidhika. Hakudai hata nauli ya pikipiki.

Maji ya mvua zile za mwanzo tuliyaacha yamwagike, kwa sababu yanaosha vumbi na majivu ya kiangazi. Sasa tangi linajaa na maji yake hayana rangi. Salio tulilipa jioni ileile ya mfereji, mbele ya jirani yule aliyekuwa shahidi. Paa la jiko tumeshampa yeye pia. Ataanza Juni mvua zikipungua, na mama ameshasema makubaliano yaandikwe vilevile, na safari hii sharti la kufagia liwemo.