Seti ya elektrolisisi ya maji ya chumvi: bakuli zuri, vijiti vya kubadilisha

Seti hizi za mezani za elektrolisisi (kuchanganua kemikali kwa umeme) zinafanana: bakuli la plastiki angavu, vijiti viwili vinavyopenya chini yake, testi tyubu mbili za sentimita za ujazo 10, nyaya zenye klipu na kiunganishi cha betri ya volti 9. Bakuli ni zuri. Halivuji, na alama za tyubu zinasomeka.

Ila vijiti ni vya chuma. Kwenye kathodi (kijiti cha upande hasi wa betri, kinakotoka haidrojeni) havina shida. Kwenye anodi (kijiti cha upande chanya) chuma chenyewe hupoteza elektroni na kuingia majini kama ayoni, yaani chembe zenye chaji. Dakika chache tu, tope la kijani limejaa, halafu linageuka rangi ya kutu, na klorini, gesi inayotarajiwa hapo, huioni. Mwanafunzi ataandika matokeo ya chuma akidhani ni ya chumvi. Weka vijiti vya kaboni vya kwenye betri kuukuu za tochi, zile za kawaida (za alkali usifungue), uvioshe na kuvisugua kwa msasa.

Betri ya volti 9 huchoka upesi. Tumia nne kubwa za tochi, mfululizo, volti 6. Moja ya volti 1.5 haitoshi, kwani klorini na haidrojeni huhitaji takriban volti 2.2 kuanza kutoka. Kwa mkondo wa ampea 0.2, tyubu ya haidrojeni hujaa kwa dakika saba hivi.

Karatasi ya maelekezo inasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kidogo mno! Maji yakiwa hafifu hivyo, anodi hutoa oksijeni nyingi. Yeyusha gramu 30 kwenye mililita 100. Chumvi ya mawe ya pwani inafaa, ila ina magnesiamu, hivyo wingu jeupe karibu na kathodi ni haidroksidi ya magnesiamu. Hiyo siyo sodiamu. Sodiamu haitoki kabisa, ayoni zake hubaki majini na maji ndiyo yanayopokea elektroni.

Karatasi inaahidi pia gesi mbili za ujazo sawa. Kwa hesabu ni kweli, lakini klorini huyeyuka majini, kwa hiyo tyubu yake hubaki nyuma. Acha mkondo upite dakika kumi kwanza, ndipo ujaze tyubu upya na kupima. Kwenye klorini, karatasi ya litmasi ya buluu (kipimo cha asidi) iliyoloweshwa itakuwa nyekundu, kisha nyeupe. Haidrojeni italia "pop" kwa kijiti kinachowaka. Fanyia dirishani, na tyubu usizizibe kwa kizibo wakati mkondo unapita.

Maji yanayobaki yana haidroksidi ya sodiamu, na yakikorogwa huwa kama jiki hafifu. Yamwage kwa maji mengi, na usiyachanganye na siki wala ndimu: klorini itarudi, safari hii nje ya tyubu.