Uzoefu wangu wa kupanda Sri Pada, Sri Lanka, usiku wa poya

Kinachowatesa watu Sri Pada, mlima wa hija, usiku wa poya (mwezi mpevu) ni foleni, baridi ya kusubiri kileleni, na magoti wakati wa kushuka. Kupanda kwenyewe mtu mzima mwenye afya atakumudu. Nayasema haya mapema kwa sababu maelezo mengi ya watalii yanatisha kuhusu ngazi, halafu yako kimya kuhusu hayo matatu.

Mlima una urefu wa mita 2,243 na uko kwenye nyanda za juu za chai. Kileleni kuna alama ya unyayo: Wabudha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wa Shiva, Waislamu wa baba yetu Adamu. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda mwaka 1344, enzi za kushika minyororo ya chuma. Sasa ni ngazi za zege, taa na vibanda vya chai.

Msimu wa hija huanza poya ya Desemba, yaani siku ya mwezi mpevu, na kuisha poya ya Vesak, sikukuu ya kuzaliwa Buddha, mwezi Mei. Poya zote ni sikukuu ya taifa: pombe haiuzwi, na mabasi na treni hujaa. Poya ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, familia nzima nzima husafiri kwa wikendi ndefu, na hapo ndipo njia huziba kabisa. Anayetaka mandhari tu aende katikati ya wiki isiyo na poya, Januari au Februari. Anayetaka hija yenyewe, na bibi vizee waliovaa nyeupe wakipanda huku wakiimba, achague poya na akubali gharama yake. Vesak mimi singeichagua kwa mlima: mvua za kusini-magharibi zinakuwa zimekaribia na mawingu hufunika kilele. Taa za karatasi na dansal, vile vibanda vya chakula cha bure, utavifaidi zaidi ukiwa Colombo.

Njia fupi ni ya Hatton. Unashuka treni Hatton, unachukua basi hadi Nallathanniya, ambako wageni wengi hukuita Dalhousie. Ni kama kilomita 33 za kona, saa moja na nusu hadi mbili. Msimu wa hija kuna mabasi ya moja kwa moja. Nje ya msimu unabadilisha basi Maskeliya. Njia ya Ratnapura ni ndefu zaidi na nzito. Waachie waliozoea milima.

Kutoka Nallathanniya kuna takriban ngazi 5,500. Mwanzo ni mwinuko mdogo. Unapita chini ya lango la Makara Thorana, kisha pagoda nyeupe ya amani iliyojengwa na Wajapani, kisha kijito cha Sitha Gangula ambako mahujaji hunawa au kuoga kabla ya kuendelea. Juu zaidi kuna Indikatu Pana, mahali Buddha anaposemekana kusimama kushona vazi lake. Mahujaji huchomeka sindano na kuvuta uzi mweupe kupanda nao, usiukate wala kuukanyaga. Baada ya hapo ni Mahagiridamba, kipande cha mwisho, chenye mwinuko mkali na vyuma vya kushikilia. Ngazi hazilingani kimo, kwa hiyo usijaribu kupanda kwa mwendo mmoja.

Sasa hesabu ya muda. Usiku wa kawaida saa mbili na nusu hadi nne zinatosha, na jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na robo asubuhi au baadaye kidogo. Ukiondoka saa nane usiku unafika vizuri. Usiku wa poya hesabu hiyo haifai, kwa kuwa Mahagiridamba hugeuka foleni inayosogea ngazi moja kwa dakika kadhaa, na wengi huliona jua wakiwa bado wamebanwa ngazini. Ondoka saa nne au saa tano usiku. Ukiona foleni haipo, kaa kibanda cha chai kilicho chini ya kipande hicho, usikimbilie juu. Kileleni ni padogo, pana upepo, na jasho la kupanda likipoa mwilini utatetemeka hadi alfajiri. Beba fulana kavu ya kubadilisha, sweta, kofia ya njiani na koti la mvua.

Kwenye uwanja wa juu viatu na kofia huvuliwa. Sakafu huwa baridi na mara nyingi imelowa, hivyo beba soksi nene na mfuko wa kutia viatu. Mabega na magoti yafunikwe. Pale kwenye unyayo hakuna kupiga picha, na kinachoonekana ni kifuniko tu. Kengele hupigwa mara nyingi kadiri ulivyowahi kufika: mgeni hupiga mara moja, basi. Jua likitokeza, ngoma na zumari hulia na umati hupaza “Sadhu! Sadhu!”, yaani “Vyema! Vyema!”. Watalii wote hukodolea macho mashariki. Wewe geuka magharibi uone kivuli cha mlima, pembetatu kamili juu ya ukungu. Hakikai sana.

Kupanda hakuna kiingilio. Chini utaombwa sadaka na kuandikwa kwenye daftari, ambamo majina ya waliotangulia yana viwango vikubwa ajabu. Toa kiasi unachotaka, na toa hekaluni penyewe, si kwa mtu anayekusimamisha barabarani.

Kushuka ni saa mbili hadi tatu, na hapa ndipo magoti hulia. Fimbo husaidia kuliko viatu ghali. Shuka kwa upande upande penye ngazi ndefu, na wapishe wazee.

Kwa wanaotoka Kenya, Uganda, Kongo au Burundi: cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitadaiwa mnapoingia nchini. Tiketi ya treni ya kurudi kutoka Hatton, yenye kiti, inunuliwe wiki kadhaa kabla. Poya ikishapita, daraja la tatu ni kusimama mlangoni hadi Kandy. Ulizia pia kama reli iko wazi, maana maporomoko ya udongo huifunga.