Orvieto, Italia: anza na kisima, kanisa baadaye

Kutoka Roma, treni ya mkoa huchukua kama saa moja na robo. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda; ukisahau, faini. Stesheni iko bondeni na mji uko juu ya mwamba, lakini mkabala tu kuna kigari cha reli kinachovutwa kwa kebo hadi Piazza Cahen, uwanja ulioko juu mjini.

Hapo ndipo wengi hukosea: hudandia basi la kwenda kanisa kuu na kukiacha Pozzo di San Patrizio, kisima kilicho hatua chache tu. Papa Klementi VII alikiagiza mwaka 1527. Kina chake ni zaidi ya mita 50, na ngazi zake mbili huzunguka bila kukutana, ili baghala wanaoshuka kuteka maji wasigongane na wanaopanda. Vidato ni 248 kushuka, daraja dogo chini, kisha 248 kupanda. Kuna baridi na utelezi. Mwenye magoti mabovu asijaribu.

Kanisa kuu, lililoanzwa 1290, lionwe alasiri, jua likipiga mozaiki (picha za vipande vidogo vya rangi) za mbele. Funika mabega na magoti. Maduka ya vyungu pembeni? Pita tu.