Barlow ya mara mbili kwenye darubini ya milimita 70: uzoefu wangu hapa Wete

Boksi la darubini yangu limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Ni darubini ndogo ya lenzi, kipenyo milimita 70, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele mpaka pale miale inapokutana) milimita 700. Siku moja nilikaa nikapiga hesabu, nikajua namba ile wameitoa wapi: 700 gawa kwa lenzi ya jicho (ile unayochungulia) ya milimita 4 ni 175, zidisha kwa Barlow ya plastiki ya mara 3 waliyoitia ndani ya boksi, yaani kile kipande chenye kioo kinachokaa kabla ya lenzi ya jicho ili kuzidisha ukuzaji, unapata 525. Hesabu sawa, picha hamna. Mwezi wenyewe ulionekana kama taa iliyo nyuma ya pazia lililolowa maji, na unatetemeka. Miezi mitatu nzima niliamini nimeuziwa darubini mbovu.

Darubini haikuwa na tatizo. Watazamaji wa nyota huhesabu kwamba kila milimita ya kipenyo hustahimili ukuzaji wa mara 2 hivi. Ya kwangu basi mwisho wake ni 140, tena hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu tu.

Nikaagiza Barlow nyingine, ya mara 2, ya inchi moja na robo, yenye vioo viwili vilivyobandikwa pamoja ili kupunguza ile rangi ya zambarau inayozunguka vitu ving'avu. Pamoja na usafirishaji nimetoa shilingi 70,000. Ilifika Dar, ikavuka Unguja, ikapanda tena boti ya Pemba.

Kazi yake ni rahisi kuifahamu ukiishika mkononi. Kioo chake ni chembamba katikati na kinene pembeni. Miale iliyokuwa karibu kukutana huicheleweshea makutano yake, kwa hiyo darubini inafanya kazi kama kwamba bomba limerefuka: 700 yangu imekuwa 1400. Jina limetokana na Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19.

Sasa nieleze kwa nini sijutii hela yangu, na wala si kwa sababu ya 140. Mama yangu anavaa miwani. Kwa lenzi ya milimita 10, ambayo hukuza mara 70, lazima jicho uligandamize karibu kabisa na kitundu, kope zinagusa kioo. Akija na miwani yake haoni kitu, akiivua haoni vizuri, na mimi kila mara narekebisha fokasi upya. Usiku wa kwanza nikaitia Barlow, juu yake nikaweka lenzi ya milimita 25. Hiyo ni mara 56, karibu sawa na ile ya 10, lakini kitundu ni kipana na jicho linakaa mbali kwa raha. Nikamlengea Mshtarii. Akainama na miwani yake usoni, akanyamaza kimya muda.

"Una mistari miwili, mwanangu. Na hivi vinyota vinne pembeni?"

Nikamwambia ni miezi yake, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Hakuondoka kwenye darubini mpaka Mshtarii ukatoka wenyewe kwenye kioo.

Hilo la kutoka lizingatieni. Dunia inazunguka, na kila ukizidisha ukuzaji ndivyo sayari inavyokimbia. Kwa lenzi ya 25 peke yake inachukua dakika saba hivi kuvuka kioo. Kwa 140, yaani lenzi ya 10 juu ya Barlow, haifiki dakika moja na nusu. Wakiwa watoto watano wamepanga foleni, wa tatu anakuta kiza. Na upepo wa kaskazi ukivuma, miguu mitatu yangu myembamba inatikisika, kwa hiyo 140 naitumia kwa mwezi tu, nyuma ya nyumba, penye ukuta. Hapo lakini ni jambo jingine kabisa: kwenye mstari wa kiza na mwanga unaona kuta za mashimo na vivuli vyake vimelala chini.

Kuna ujanja mmoja ambao ningependa ningeujua mapema. Kwenye Barlow yangu, kile kichwa cheusi chenye kioo kinafunguka kwa kuzungushwa. Ukikitoa ukakifunga moja kwa moja chini ya lenzi ya jicho, ukuzaji unakuwa mara moja na nusu badala ya mbili. Kwa lenzi ya 10 unapata takriban 105, na hapo ndipo darubini yangu inapotoa picha safi kuliko pote. Kabla hujanunua, hakikisha kinafunguka.

Kwa Kilimia, lile kundi la nyota, usijisumbue na Barlow. Ukikuza mara mbili, mwanga unatandazwa eneo la mara nne, picha inafifia, na kundi lenyewe halienei tena kwenye kioo.

Lalamiko langu ni skrubu ya kubania lenzi. Ni moja tu, fupi, na imechora alama kwenye shingo ya lenzi yangu ya 25. Pia unyevu wa huku: nikiingia ndani siifuniki Barlow mpaka umande ukauke wenyewe, kisha naiweka kwenye mkebe wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Lenzi ya kamera ya kaka yangu iliota fangasi kabatini ndani ya masika moja. Hii, mwaka wa pili sasa, bado ni safi.